Vihamba vitatu kwa nusu siku: tathmini ya matembezi ya wadudu kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro

Matembezi ninayoyatathmini hapa yanaendeshwa na kikundi cha vijana wa kijiji kimoja kilicho kati ya barabara kuu ya Moshi na mpaka wa msitu wa mlima. Sitakitaja kikundi hicho kwa jina, kwa sababu nina malalamiko ambayo ni haki yao kuyasikia kutoka kwangu kabla hayajasambaa. Huduma yenyewe haina mzunguko. Mgeni analipa shilingi 40,000, chakula cha mchana kikiwemo, kisha anatembezwa katika vihamba vitatu vilivyo jirani: kimoja bado kinalimwa, cha pili kiliachwa miaka minne iliyopita, na cha tatu hakijaguswa na jembe tangu kahawa ilipopoteza thamani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika kila kimoja anaonyeshwa wadudu, anaelezwa kazi zao, na kuachiwa nafasi ya kulinganisha kwa macho yake mwenyewe kinachowapata wadudu rafiki pale shamba linapotelekezwa.

Sikwenda kama mtalii. Kihamba cha marehemu baba yetu, tarafa nyingine ya mlima huu huu, kina nyumba nzuri ya vigae inayofunguliwa Desemba na kufungwa baada ya mwaka mpya, na kwa muda uliobaki kinaangaliwa na kufuli. Kila tunapokutana kwenye msiba au harusi ndugu zangu hufarijiana kwamba ardhi inapumzika, kwamba nyuki na ndege wanapata mahali pa kukaa, na kwamba hata hivyo mazingira yanafaidika. Nilitaka kujua kama faraja hiyo ina ukweli, na matangazo ya matembezi haya yaliahidi kulijibu swali hilo hilo.

Kwa msomaji ambaye si wa huku, kihamba ni shamba la nyumbani la Mchagga, lililopangwa kwa tabaka. Juu kabisa ipo miti mikubwa kama mruka na mringaringa, chini yake migomba, kisha mibuni, na chini kabisa magimbi, maharage, mboga na majani ya ng'ombe. Vihamba vimeuzunguka mlima upande wa kusini na mashariki, takribani kutoka mita 1,000 hadi 1,900 juu ya usawa wa bahari, na watafiti wameorodhesha ndani yake zaidi ya aina 500 za mimea, idadi ambayo si rahisi kuipata katika kilimo cha aina nyingine yoyote nchini. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu wa kihamba, kupitia kijiji cha Shimbwe Juu, kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia. Hayo yote mwongozaji wetu aliyaeleza vizuri kabla hatujaanza kutembea, bila kusoma karatasi.

Tulianza saa tatu asubuhi, mwezi wa Novemba, siku chache baada ya mvua za vuli kuifumbua mibuni. Anayejali thamani ya fedha yake na achague wakati huo, kwa kuwa ua la mbuni hukaa siku mbili au tatu tu, na katika siku hizo mteremko mzima hunukia kama asumini. Vifaa vilikuwa vichache na vya kufaa: kitambaa cheupe cha kutandaza chini ya tawi kabla ya kulitikisa, kioo cha kukuzia, chupa ndogo za kuwashikilia wadudu kwa muda na kuwaachia, na bakuli za rangi ya njano ambazo nitazirudia baadaye kwa sababu si za kusifiwa. Mwongozaji alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyeniamkia na kuniita "meku", yaani mzee, tangu mwanzo hadi mwisho, na aliyewafahamu wadudu kwa tabia zao kuliko kwa majina ya vitabuni. Kwangu hilo ni sifa.

Kihamba cha kwanza ni cha bibi mmoja anayekaribia miaka themanini, ambaye kikundi kinamlipa sehemu ya kiingilio. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe ukingoni mwa mfongo, yaani mfereji wa asili wa maji, tulipofika, na baada ya shikamoo na marahaba aliendelea kukata, akituruhusu kuuliza maswali mgongoni kwake. Hapa ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria katika miaka yote niliyokulia kihambani: ule utaratibu unaoonekana kuwa wa kizee, wa kukata majani kipande kwa kipande kila siku kwa ajili ya ng'ombe wa ndani, ndio unaohakikisha kwamba wakati wowote kuna kipande kimoja kinachochanua. Magugu ya mashona nguo yanakatwa huku yakichipua kule. Nzi wa maua, wale wanaoning'inia hewani kama helikopta, hunywa mbochi kwenye maua hayo, kisha hutaga mayai palipo na vidukari, na viluwiluwi wao huwala vidukari hao. Nyigu wadogo mno, ambao bila kioo usingejua kama ni wadudu, hunywa hapo hapo kabla ya kwenda kutaga ndani ya viwavi wanaotafuna mboga. Kwenye udongo ulio wazi kando ya njia, unaopigwa na jua, mwongozaji alituonyesha vitundu vyembamba kama vya msumari na kutuomba tusubiri. Baada ya dakika chache akatoka nyuki mdogo mweusi mwenye mng'ao, na mwingine akaingia akiwa amebeba chavua miguuni. Aina nyingi za nyuki wa porini hazikai kwenye mzinga, bali huchimba ardhini, na ardhi hiyo inapaswa kuwa wazi, kavu kiasi, na isiyopinduliwa kwa kina. Jembe la mkono la bibi, linalokwaruza juu juu kati ya migomba, huwaachia nafasi hiyo.

Kuhusu kahawa maelezo yalikuwa ya kina, na ningependa yangekuwa marefu zaidi. Mbuni wetu wa arabika hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mkulima anaweza kuishi maisha yake yote bila kuwashukuru nyuki. Hata hivyo utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanyika kwenye mashamba ya mteremko huu huu kuanzia vihamba vyenye kivuli hadi mashamba makubwa yaliyo wazi juani, ulionyesha kwamba pale ndege na popo walipozuiwa kwa wavu mibuni ilishika matunda pungufu kwa takribani asilimia 9, na kwamba maua yaliyofikiwa na nyuki yalitoa buni nzito zaidi kwa takribani asilimia 7. Kwa anayeuza kwa kilo, tofauti hiyo ni ada ya mtoto. Mwongozaji aliitaja takwimu hiyo akiwa amesimama chini ya mbuni uliojaa nyuki, mahali panapofaa kabisa kuisikilizia.

Kihamba cha pili kinatenganishwa na cha bibi kwa ua wa masale tu, mmea wa kuwekea mipaka. Mwenyewe alihamia mjini, mfanyakazi aliyeachwa akaondoka baada ya mshahara kuchelewa, ng'ombe akauzwa, na tangu hapo ni miaka minne. Mtu akiingia hapo kwa mara ya kwanza hushangilia, na wageni wenzangu wawili kutoka Dar es Salaam walishangilia kweli. Mashona nguo yamefika kiunoni, alizeti pori zimesimama kama uzio wa manjano, vipepeo wanaruka kila upande, na mngurumo wa nyuki unasikika kabla hujawaona. Kwenye ufa wa ukuta wa nyumba iliyofungwa, nyuki wadogo wasiouma wamejenga kibomba chao cha nta cha kuingilia, chembamba kama mrija wa soda. Kwa hesabu ya macho, wadudu waliokuwa kwenye maua hapa walikuwa wengi kuliko kwa bibi, na sina sababu ya kulificha hilo.

Hapo ndipo ilipotoka sentensi iliyonikera. Mwongozaji, kwa furaha ya dhati, alituambia kwamba tunachokiona ni mazingira yaliyojiponya yenyewe baada ya binadamu kuondoka. Wageni wakapiga picha. Mimi nikaomba tutandaze kile kitambaa cheupe chini ya mbuni mmoja na kuutikisa, naye, kwa heshima yake, akakubali.

Zilizoanguka ni buni nyeusi, kavu, za misimu iliyopita ambazo hakuna aliyezichuma, na karibu kila moja ilikuwa na kitundu kidogo kwenye kitovu chake. Tulipasua chache kwa kucha. Ndani yake walikuwamo mende weusi wasiozidi milimita mbili, pamoja na watoto wao weupe. Huyo ndiye mende mtoboa buni, mwenyeji wa bara letu hili, anayeongoza kwa hasara miongoni mwa wadudu wa kahawa duniani. Jike hutoboa, hutaga ndani, watoto hukua na kujamiiana humo humo, kisha majike mapya hutoka kwenda kutafuta buni nyingine. Dawa ya kwanza anayofundishwa kila mkulima ni kuchuma kila kitu, hata buni zilizokauka na zilizodondoka, ili mende wakose pa kungojea msimu. Kihamba kisichochumwa ni chumba chao cha kungojea, na masale hayajawahi kumzuia mende kuruka. Bibi, aliyekuwa ameacha panga lake na kutusogelea kutoka upande wa pili wa ua, alitazama zile buni kwenye kitambaa akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Hao mimi nawalisha kila mwaka. Mwenyewe yuko Dar." Kwa upande wa mende, Dar ilikuwa inahusika mno siku hiyo, maana mimi na wageni wenzangu tulitazama chini.

Kwa hiyo lalamiko langu la kwanza ni la maelezo, si la huduma. Kikundi kinao tayari ushahidi wote mikononi, yaani vihamba viwili vinavyogusana, kitambaa na bibi mwenye maneno yake, lakini kinaisimulia hadithi kwa upande mmoja kwa sababu upande huo unapendeza wageni. Mwaka wa pili hadi wa nne wa kuachwa kwa shamba ni kweli huwa na sherehe ya maua, na sherehe hiyo ina faida kwa majirani. Jirani mwingine, kwa mfano, amepanda parachichi, mti ambao ua lake hufunguka kwanza likiwa jike, hufunga, kisha hufunguka tena likiwa dume, hivyo bila mdudu wa kuhamisha chavua mavuno huwa ya kubahatisha. Nyuki wanaoshiba mashona nguo upande huu ndio wanaokwenda kumfanyia kazi yule, mradi yupo karibu, kwa maana nyuki wadogo hawaendi mbali zaidi ya mita mia kadhaa kutoka kwenye kiota chao. Lakini shamba lile lile linalofuga wachavushaji linafuga pia mende wa buni, na linafuga fukusi wa migomba katika visiki vinavyooza bila kukatwa. Aidha, nyuki wanaochimba ardhini, niliowatafuta kwa makusudi, sikuwaona hata mmoja, kwa kuwa hapakuwa na udongo wa wazi unaotosha hata kuweka kiatu. Mngurumo uliokuwa unatufurahisha ulitoka kwa aina chache zilizozoea kila mahali.

Ningeongeza, na hili ni langu, kwamba lugha yetu wenyewe inatuponza hapa. Tunasema shamba "limegeuka pori", na kwa neno hilo hilo tunataja kichaka cha miaka miwili, kichaka cha miaka ishirini, na msitu aliouacha Mungu. Wazee walitofautisha. Kulipumzisha shamba ulikuwa uamuzi wa mtu anayejua atarudi lini, na alipokuwa anasubiri aliendelea kukata, kuchuma na kufukua mfereji. Kulitelekeza ni jambo jingine kabisa.

Kuanguka kwa kahawa ndiko kulikokiacha kihamba cha tatu, na kikundi kinastahili pongezi kwa kutolikwepa suala la fedha katika matembezi ya wadudu. Mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulivunjika mwaka 1989, uzalishaji wa nchi nyingine ukapanda, na mwaka 2001 na 2002 bei ya wastani katika soko la dunia ilikuwa chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili. Mlima ambao wakulima wake waliunda chama kikuu cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933 kwa nguvu ya zao hili, ulianza kung'oa mibuni au kuiacha tu. Mwenye kihamba hiki aliiacha.

Miaka ishirini na zaidi baadaye, hakuna sherehe. Lantana, kichaka chenye miiba, imefunga kutoka uzio hadi uzio, mipera imeota ilipotaka, migomba imekufa yote, na mibuni iliyobaki ni fito ndefu zinazotafuta jua juu ya vichaka, zikiwa na majani machache kileleni. Miti mikubwa ya kivuli haipo tena. Tuliambiwa iliondoka mmoja mmoja, usiku, kama inavyoondoka miti ya mtu asiyekuwepo. Msomaji anayedhani kwamba shamba lililoachwa hujirudia kuwa msitu na aitafakari hali hiyo. Msitu hurudi kwa mbegu, mbegu huletwa na ndege na popo, na ndege hutua penye mti mrefu. Kihamba kilichopoteza miringaringa yake kimepoteza maua meupe yanayowalisha nyuki, na kimepoteza pia kituo cha kushushia mbegu za miti mingine.

Vipepeo walikuwepo, ila kwenye ukingo tu, ambako lantana hupata jua. Mwongozaji alieleza hapa jambo ambalo lilifidia ile sentensi yake ya awali. Kipepeo mzima hunywa mbochi kwenye ua lolote lenye kina kinachoufaa mrija wake, na lantana ni kilabu kilicho wazi mwaka mzima, lakini kiwavi wake hula mmea wa aina fulani tu, pengine mmoja au miwili. Mimea hiyo ikisongwa na kichaka kimoja, vipepeo unaowaona ni wageni wa kinywaji waliozaliwa kwingine. Kuwahesabu hapo na kusema bioanuwai imeongezeka ni sawa na kuhesabu watu kwenye stendi ya mabasi na kusema mji umekua.

Ndani ya kichaka mambo yalikuwa tofauti, na hayakuwa mabaya yote. Kwenye magogo yanayooza tuliwakuta mbawakawa wakubwa na watoto wao wanene, mchwa, na siafu waliokuwa katika safari zao. Udongo ulikuwa mweusi na wenye nyungunyungu wengi. Buibui walikuwa kila mahali. Katika mpera mmoja alikuwepo dume la kinyonga wa pembe mbili, mnyama wa milima ya huku kwetu, ambaye wataalamu walipounda jina la jenasi yake walilichukua moja kwa moja kutoka kwenye neno letu la kinyonga. Tulimtazama kwa muda mrefu na hakujali. Wapo wanaonufaika na kuachwa kwa shamba, na hao ni wale wanaoishi kwa kuni mbovu, kivuli na utulivu. Wanaopotea ni wale waliokuwa wakiishi kwa mchanganyiko wa jua na kivuli, wa maua na udongo wa wazi, ambao mkono wa mtu ulikuwa ukiutengeneza kila siku pasipo kujua.

Kilichonisikitisha zaidi ni mfongo. Kihamba cha tatu kilikuwa na tawi la mfereji wa asili lililopita katikati, na kwa kuwa kila kaya hupaswa kufukua sehemu yake, sehemu isiyofukuliwa iliziba, maji yakakata kona, na leo ni shimo kavu lililojaa majani. Kwa bibi, mita chache tu kutoka hapo, kerengende wekundu walikuwa wakizunguka juu ya maji na vyura walikuwa wakilia mchana. Kerengende hukulia majini akiwa mtoto na hula mbu na wadudu wengine akiwa mtu mzima, kwa hiyo mfereji ukifa askari huyo naye huondoka. Hapa uharibifu haukutokana na kulima kupita kiasi, wala dawa, wala moto. Ulitokana na mtu mmoja kutokuwepo siku ya kufukua.

Nilimuuliza mwongozaji kama kuna kihamba kilichoachwa kikaenda vizuri. Alituchepusha, nje ya ratiba, hadi kwenye genge linaloshuka korongoni, ambako kipande kinachopakana na msitu wa kando ya mto kiliachwa miaka mingi pia, lakini miti yake mikubwa haikukatwa. Huko lantana imeanza kushindwa na kivuli, miche ya miruka imefika urefu wa mtu, na ndege wa msituni wanapita. Tofauti kati ya kipande hicho na kihamba cha tatu haikuwa ya miaka, ilikuwa ya jirani na ya miti iliyosalia. Nchi za Ulaya zinapambana na jambo la aina hiyo kwenye malisho yao ya milimani, ambako majani yalikuwa yakifyekwa kwa karne nyingi na sasa vijana wameondoka. Miaka ya kwanza maua na vipepeo hushamiri, kisha vichaka hufunga na vipepeo wa nyasi fupi hukosa makazi. Kituo hiki cha nyongeza kingepaswa kuwa kituo rasmi cha nne. Ndicho kilichobadilisha namna ninavyokifikiria kihamba chetu, na mgeni asiyeuliza hatakiona.

Sasa zile bakuli za njano. Kikundi huzijaza maji yenye sabuni kidogo na kuziacha katika kila kihamba kwa saa kadhaa, kisha mwisho wa matembezi humwaga kilichonaswa kwenye sahani nyeupe ili wageni walinganishe. Wadudu huvutwa na rangi hiyo wakidhani ni ua, na sabuni huwazamisha. Njia hii ina nafasi yake halali katika utafiti, ambako kila mdudu aliyekufa hupewa lebo na kuhifadhiwa. Kuitumia kila Jumamosi kwa ajili ya wageni, tena katika kihamba cha bibi ambaye nyuki hao ni wafanyakazi wake wasiolipwa, hakuna utetezi. Kitambaa cheupe na dakika kumi za kukaa kimya mbele ya ua moja vilitufundisha zaidi, na kila mdudu akaenda zake. Nililisema hilo hapo hapo, na jibu nililopewa ni kwamba wageni wa kutoka nje hupenda kuona kitu kwenye sahani. Naamini wanapenda. Sijashawishika.

Lalamiko jingine ni dogo zaidi, ingawa lilinichoma kidogo. Kijitabu anachopewa mgeni, chenye picha nzuri za wadudu walionaswa kwenye kamera za vijana wenyewe, kimeandikwa kwa Kiingereza pekee. Mwongozaji anayeweza kueleza kwa Kiswahili chepesi jinsi nyigu anavyotaga ndani ya kiwavi hadi mtu akasahau kupiga mwayo anastahili kijitabu kinachozungumza kama yeye, na majirani wa vihamba vilivyofungwa, ambao ndio wanaohitaji kukisoma kuliko wote, hawatakisoma hivi kilivyo.

Pia ratiba inaishia juu mlimani, ilhali familia nyingi za Kichagga zina shamba la pili tambarare, la mahindi na maharage, na mengi ya mashamba hayo nayo yamelala. Huko chini kuachwa kuna sura nyingine, kwa sababu gugu karoti, lililoripotiwa nchini kwa mara ya kwanza mkoani Arusha mwaka 2010, hupenda ardhi iliyovurugwa na kuachwa wazi, husonga nyasi za mifugo, na huwawasha watu ngozi. Nusu saa ya gari ingetosha kuongeza sura hiyo. Matembezi ya jioni kwa ajili ya nondo na popo nayo hayapo, jambo linaloshangaza katika mteremko ambao popo wametajwa kwenye ule utafiti wa kahawa. Haya nayaandika kama mapendekezo.

Chakula kilikuwa kiburu na machalari, vyakula vyetu vya ndizi, kilichopikwa na bibi na mkwewe, na mbege kidogo, pombe ya ndizi, kwa waliotaka, iliyotiwa uchungu kwa gome la msesewe wa pale pale kihambani. Sina la kuongeza isipokuwa kwamba kiburu kilikuwa na maharage ya kutosha, na kwamba kula ndizi huku ukiutazama mgomba ulioizaa, na mita kumi mbele yake kihamba ambacho hakina hata mgomba mmoja, kulifanya mazungumzo ya mezani yasiwe ya kawaida.

Kwa jumla huduma hii naipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyopungua ni ya bakuli za sabuni na ile sentensi ya kujiponya, na zikiondolewa nitaibadilisha bila kuombwa. Viatu viwe vya kufunika kifundo, kwa sababu kihamba cha tatu kina miiba, na suruali iwe ya kitambaa laini, la sivyo utarudi mjini umebeba mashona nguo ya kutosha kupanda ekari. Watoto wa kuanzia miaka minane watafurahi. Malipo hufanyika kwa simu siku moja kabla, na ukimweleza mwongozaji mapema kwamba unataka kufika korongoni, atakupeleka. Mimi nimeshalipia nafasi tatu za Februari: yangu, ya kaka yangu mkubwa ambaye ndiye mwenye funguo, na ya mzee anayepakana nasi upande wa mfongo, ambaye nilipompigia simu kumwalika aliniuliza kwanza kama tunajua kwamba buni zetu bado ziko mtini.